Haya ya Mgeni Katika Nyumba ya Picha

Mtu aingiapo kwa mara ya kwanza katika nyumba ya sanaa ya kisasa hushikwa na haya. Kuta ni nyeupe, hapana asemaye ila kwa kunong'ona, na mbele yake kimetundikwa kitu asichojua kama ni picha ama mzaha. Kwetu mgeni hupiga hodi akaitikiwa karibu. Humo hodi haina wa kuiitikia. Basi hujiona mjinga, akapita upesi upesi mpaka mlango wa kutokea. Lakini haya hiyo hakuzaliwa nayo. Ilijengwa na watu, na miaka ya kujengwa kwake yajulikana.

British Museum ya London ilipofunguliwa mwaka 1759, ilisemwa kuwa ni ya kila mtu apendaye elimu. Walakini aliyetaka kuingia alipaswa kwanza kumpelekea bawabu ombi la maandishi, lenye jina lake, cheo chake na makazi yake, kisha angoje cheti. Mshona viatu angeandika cheo gani? Huko Paris, tarehe 10 Agosti 1793, serikali ya mapinduzi iliwafungulia raia Louvre, jumba lililokuwa la wafalme. Hata hivyo, katika kila siku kumi za kalenda yao mpya, umma ulipewa tatu tu.

Kuta nyeupe ni jambo la juzi. Katika karne ya 19 picha zilisongamana ukutani hadi karibu na dari, juu ya rangi nzito nzito. Desturi ya kuitenga kila picha peke yake juu ya ukuta mtupu ilienea katika karne ya 20, na Museum of Modern Art ya New York, iliyofunguliwa mwaka 1929, ikawa mfano wa kuigwa. Brian O'Doherty, naye mwenyewe msanii, alikifananisha chumba cha namna hiyo na kanisa mwaka 1976. Si ajabu basi mgeni akinong'ona.

Wapo waliojaribu njia nyingine. Whitechapel, mashariki ya London, ilikuwa mitaa ya makuli na mafundi cherehani, wengi wao Wayahudi waliohamia kutoka nchi za mashariki ya Ulaya. Kasisi Samuel Barnett na mkewe Henrietta walianza mwaka 1881 kuazima picha na kuzitundika katika vyumba vya shule ya parokia yao, wakavifungua hata Jumapili, siku ambayo mfanya kazi hupata nafasi. Mwaka 1901 ikafunguliwa Whitechapel Gallery, mlango wake ukiwa sawa na njia ya miguu, bila ya ngazi za kumtisha mtu.

Hapo ndipo ilipoletwa, Januari 1939, Guernica ya Picasso: picha yenye upana wa karibu mita 8, nyeusi, nyeupe na kijivu, farasi akilia na mama akimpakata mtoto aliyekufa. Clement Attlee, kiongozi wa chama cha Labour, aliyafungua maonyesho. Kiingilio kilikuwa jozi ya buti zifaazo kupelekewa askari wa Jamhuri ya Hispania vitani. Watu walikuja kwa maelfu. Sidhani wengi wao waliwahi kusoma neno lo lote juu ya uchoraji wa Picasso. Lakini walijua kwamba mji wa Guernica ulitupiwa mabomu tarehe 26 Aprili 1937, na aliyekwisha kuvua buti zake kwa ajili ya jambo hilo hakuwa mgeni tena mbele ya picha.

Msomaji atauliza: je, picha isiyo na farasi wala mama? Mwaka 1961 nyumba iyo hiyo ilionyesha kazi za Mark Rothko, ambazo ni rangi tupu zilizopandana. Yeye alipeleka maagizo ya namna ya kuzitundika. Ukuta usiwe mweupe kabisa, bali utiwe wekundu kidogo. Taa zisiwe kali. Na picha kubwa zishushwe karibu na sakafu, ikiwezekana zisiinuke zaidi ya inchi 6, yaani kama sentimita 15, hata mtu akisimama karibu nazo aone kana kwamba aweza kuzitia mguu.