"Utazoea Tu"

Kuna sentensi moja ya kazini ina zaidi ya miaka mia moja: "Hawa wamezoea joto."

Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, meli nyingi za mvuke zilianza kupitia Bahari ya Shamu. Chini kabisa ya meli kulikuwa na watu wenye sepetu, wakilisha tanuri makaa. Hewa haipiti, chuma kinachoma. Jeshi la majini la Uingereza liliandika watia makaa wengi kutoka Zanzibar na pwani yetu, likawaita "Sidi". Baadhi yao walikuwa watumwa waliookolewa baharini na meli za jeshi hilo hilo. Maafisa walikuwa na jibu tayari: Mwafrika anavumilia joto kuliko Mzungu. Basi Mwafrika ashuke chini.

Hiyo stori imedumu kwa sababu ina ukweli kidogo. Mwili huzoea joto. Ukifanya kazi kwenye joto wiki moja ama mbili, jasho linatoka mapema na moyo haukimbii sana. Ukikaa mbali wiki kadhaa, unarudi kuwa mgeni. Si mambo ya rangi ya ngozi.

Tena kuzoea kuna mwisho. Mwaka 1905, mwanasayansi J. S. Haldane wa Uingereza alipima joto kwa kipimajoto kilichofungwa kitambaa chenye maji. Kikipita nyuzi 31 hivi, mahali pasipo upepo, mwili unaanza kupanda joto hata ukiwa umekaa tu bila shati. Jasho linakupoza likikauka. Likidondoka tu sakafuni, umepoteza maji bure.

Afrika Kusini walijifunza kwa vifo. Kuanzia 1924, wachimbaji Waafrika walikufa kwa joto kwenye migodi mirefu ya dhahabu. Ndipo wenye migodi wakaanza kuwazoesha wageni polepole.

Mimi nilipoacha chuo nilifanya kazi kwa bekari fulani: oveni mbili, dirisha moja. Msee akisema kichwa kinamuuma, supavaiza alimjibu, "Utazoea tu."

Kwa hivyo shika hii. Mwenzako akianza kuyumba, kuongea vitu haviingiani, ama kuzimia, huo si uvivu. Mtoe nje, mvue nguo nzito, mmwagie maji baridi, mpepee, na uite ambulensi mara moja. Kama hajielewi, usimnyweshe kitu. Halafu kesho yake, ulizeni pamoja habari ya dirisha la pili.