Mlakasa

Mlakasa (jina la kisayansi: Ipomoea pes-caprae) ni mmea utambaao wa fukwe za bahari katika kanda ya tropiki, pamoja na pwani ya Kenya na Tanzania. Ni wa jenasi moja na kiazi kitamu. Pes-caprae ni Kilatini, maana yake "mguu wa mbuzi", kwa kuwa jani lake limegawanyika kama kwato. Maua yake, ya waridi yenye kuelekea zambarau, hufunguka asubuhi na kunyauka siku hiyohiyo.

Kupanda bustanini

Mbegu ina ganda gumu linaloiwezesha kuelea baharini muda mrefu bila kufa; ndiyo maana ikifukiwa hivihivi hukawia kuota. Ikwaruzwe kwa msasa upande mmoja, kisha ilowekwe usiku kucha. Rahisi zaidi ni kupanda kipande cha shina chenye vifundo, kama marando ya viazi. Udongo uwe wa kichanga usiotuamisha maji, penye jua la kutosha. Mbolea nyingi huleta majani matupu. Shina hutambaa mita kadhaa, hivyo mlakasa usipandwe karibu na mchicha, utaufunika wote.

Mmea wenyewe using'olewe ufukweni, kwani mashina na mizizi yake hushika mchanga usichukuliwe na upepo na mawimbi. Kipande kimoja kilichokatwa kwa kisu kinatosha.