Huria na Adili

Sisi wa Singida tuko mbali na bahari. Maji ya chumvi tuliyoyazoea ni ya Ziwa Singidani. Majini wa pwani walitufikia vitabuni. Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga mwaka 1909, alituletea Adili na Nduguze mwaka 1952, kisa chenye mizizi katika Alfu Lela Ulela.

Humo Adili anamwokoa kiumbe, kumbe ni Huria, jini wa kike. Nduguze wanapomtosa baharini kwa husuda, Huria anamwopoa, anawageuza wao kuwa manyani, kisha anamwamuru awapige kila usiku.

Je, huo ni upendo? Naamini ndio, ila ni upendo wa kiumbe mwenye karne nyingi mbele yake. (Majini nao hufa, wazee husema, lakini si upesi.) Kwake deni halichakai, wala adhabu haina haraka ya kwisha. Adili hana karne. Anawapiga nduguze huku akilia, kisha anawalisha na kuwabembeleza. Huria anampenda, lakini kilio kile naona hakumwelewa nacho. Aliyetaka kujua sababu yake ni Mfalme Rai, mwanadamu mwenzake.