Mmea wa Pwani Uliopitia Uholanzi

Katika benki, hoteli na ofisi nyingi za Nairobi na Dar es Salaam huwa kuna chungu chenye mmea wa majani manene ya kijani kilichokolea, yanayong'aa utadhani yamepakwa mafuta. Wauza maua huuita ZZ, kifupi cha jina lake la kisayansi, Zamioculcas zamiifolia. Wanunuzi wengi hudhani ni pambo la kigeni. Kumbe kwao ni huku huku: huota wenyewe Kenya, Tanzania Bara na Zanzibar, na kusini hufika hadi KwaZulu-Natal, Afrika Kusini.

Mwaka 1829 akina Loddiges, wenye kitalu mashuhuri huko Hackney, London, waliutangaza katika jarida lao la mimea wakiuita Caladium zamiifolium. Mwaustria Heinrich Schott akauhamishia kwenye jenasi mpya mwaka 1856, na mwaka 1905 Mjerumani Adolf Engler akaupa jina linalotumika hadi leo. Kote huko haukutolewa kwenye ukoo wa magimbi, na walikuwa sahihi. Aliyewahi kumenya magimbi mabichi akawashwa mikono anaujua undugu huo: utomvu wa ZZ nao una chembe kali za kalsiamu oksaleti, ndiyo maana watoto hawafai kuachwa wautafune.

Huku nyumbani watu walikuwa na matumizi yao. Usambara Mashariki, maji ya majani yake yalitumika kutibu maumivu ya sikio. Wasambaa walitumia mizizi yake kwenye vidonda. Hiyo ni elimu iliyokuwapo bila kusubiri jarida la London.

Ulaya, kwa muda mrefu mmea huu haukuvuka mlango wa sebule. Kina Loddiges walikuwa na nyumba za vioo zilizopashwa joto kwa mvuke, lakini nyumba za kawaida za enzi hizo zilikuwa na baridi, moshi wa makaa ya mawe na taa za gesi, na mimea mingi ya nchi za joto ilikufa humo. Mambo yalibadilika karne ya 20, umeme ulipoondoa gesi na majengo yakaanza kupashwa joto kwa mabomba. Hewa ya ndani ikawa vuguvugu na kavu, mazingira ambayo mmea wa pwani yetu unayamudu vizuri. Hata hivyo, ni mnamo 1996 ndipo vitalu vya Uholanzi vilipoanza kuuzalisha kwa wingi, na kutoka huko ukaenea madukani duniani kote.

Siri yake iko chini ya udongo. Ukiutoa kwenye chungu utakuta shina nene, jeupe, limevimba kama kiazi. Humo ndimo maji yanamohifadhiwa. Kiangazi kikizidi, vijani hudondoka kimoja kimoja, lakini kitako kilichonenepa cha ufito wa jani hubaki hai kikingoja mvua. Kijani kilichoanguka nacho hakijafa: kikigusa udongo wenye unyevu, polepole hufanya kivimbe kwenye ncha yake, kisha mizizi, na baada ya miezi mingi mche mpya. Mwaka 2007 watafiti walionyesha jambo jingine: ukikosa maji, mmea huu huweza kuvuta hewa ya kaboni usiku, kama mimea ya jangwani, ili usipoteze unyevu mchana.

Ndiyo maana ZZ nyingi majumbani hufa kwa kupendwa kupita kiasi. Kumwagilia kila siku huozesha lile shina, na majani ya manjano laini ndiyo dalili ya kwanza. Chungu kiwe na matundu, udongo uchanganywe na mchanga, na maji yasiongezwe mpaka udongo ukauke kabisa. Mara nyingi hiyo ni wiki mbili hadi nne. Vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu.

Mmea uliozaliwa huku haustahili kuuzwa huku kama mgeni. Wenye vitalu Mombasa, Tanga na Unguja wana kila sababu ya kuuotesha wenyewe na kuuuza kwa jina la nyumbani kwake. Ila wasiende kuuchimba msituni. Kijani kimoja kilichochomekwa kwenye mchanga kinatosha kuanzia.