Uamsho uliowafikia Waha

Januari 1936 Blasio Kigozi, kijana wa Uganda aliyeongoza shule ya wainjilisti ya Gahini, Rwanda, alikuwa Kampala akiisubiri sinodi ya kanisa lake la Anglikana. Alikuwa na mambo matatu ya kuiuliza. Mbona kanisa limepoa? Mbona Meza ya Bwana inashirikiwa na watu wanaoishi dhambini hadharani? Tufanye nini ili tuhuishwe? Homa ilimwangusha kabla sinodi haijaanza, akafariki mwezi huohuo. Maswali yake yalibaki kwa ndugu zake wa kiroho, nao waliyachukua wakavuka nayo mipaka.

Moto wenyewe wa uamsho ulikuwa umeshawashwa Septemba 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala. Daktari Joe Church, mmishenari wa Gahini aliyekuwa amechoka mwili na roho, alikutana hapo na Simeoni Nsibambi, kaka yake Kigozi. Wakasoma Biblia pamoja, wakaomba. Baada ya hapo Mwafrika na Mzungu walihubiri bega kwa bega, jambo ambalo katika ukoloni wa siku zile halikuwa dogo. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1930 uamsho ulikuwa umeingia Burundi, na kwa upande wa Tanganyika umegusa Katoke, Kagera.

Ukitazama ramani utaona kwamba Buha, nchi ya Waha, yaani Kasulu, Kibondo na vilima vya Kitanga, imekaa kati ya njia hizo mbili. Kiha na Kirundi vinakaribiana mno, hivyo Mha aliyemsikiliza Mrundi akishuhudia hakuhitaji mkalimani. Naamini hili lilikuwa na uzito zaidi kuliko mipango yoyote ya ofisi za misheni, kwa sababu ushuhuda wa uamsho ulikuwa maneno ya mtu na mtu, si hotuba ya mimbarani.

Maana waliookoka walifanya nini hasa? Waliungama dhambi zao mbele ya wenzao, kwa kuzitaja. Aliyeiba alirudisha, awe ameiba dawa ya hospitali, ng'ombe au fedha ya mwajiri. Aliyemchukia jirani alikwenda mlangoni kwake kuomba radhi. Wamishenari nao waliwaomba msamaha Waafrika kwa kiburi chao. Hilo waliliita kutembea nuruni. Nyimbo, vilio na mikesha vilikuwapo, na ndivyo vilivyowashtua wakubwa wa kanisa. Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, wanafunzi 26 walifukuzwa, mhubiri wa uamsho William Nagenda akiwa mmoja wao. Lakini nionavyo mimi, kilichoumiza zaidi ni ule ukweli. Mchungaji anaweza kuvumilia kelele; mshirika anayemuuliza kama na yeye ametubu ni mzigo mwingine.

Tanganyika ndugu hawa kwa sehemu kubwa walibaki ndani ya makanisa yao, na hiyo ni neema tusiyoitaja vya kutosha. Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu Uganda, alifundisha shule Dodoma kwa miaka mingi akishuhudia. Kwa Walutheri wa Bukoba, Josiah Kibira aliyeguswa na uamsho akawa askofu. Mwaka 1966 Waanglikana wa magharibi walipata dayosisi yao, Western Tanganyika, makao yake Kasulu. Askofu wa kwanza, Musa Kahurananga, baadaye akawa askofu mkuu wa Tanzania.

Lipo pia jeraha, na si haki kulipita kimya. Rwanda na Burundi, nchi zilizoimba Tukutendereza, wimbo wa uamsho, mapema kabisa, ziliona Wakristo wakiwaua Wakristo. Baada ya 1993, Warundi waliokimbia walijaza kambi za Kasulu na Kibondo, na 2015 wengine wakaja katika kambi za Nyarugusu na Nduta. Kwa hiyo siwezi kuandika kwamba uamsho uliponya kila kitu. Ulimponya aliyekubali kuungama, na wengi waliendelea kuimba bila kuungama.

Leo tuna vipaza sauti, sare za kwaya, mikutano ya injili viwanjani. Sivipingi, Mungu anastahili kupigiwa ngoma. Ila naumia ninapoona ibada inapimwa kwa sauti, wakati wazee wale waliipima kwa deni lililolipwa. Ushirika wao mdogo wa katikati ya wiki haukuhitaji jenereta wala mgeni wa heshima. Ulihitaji watu wachache wanaojuana, Biblia iliyofunguliwa, na mmoja wa kuanza kusema kweli juu yake mwenyewe.