NGUO YA KICHANGA KABLA YA INSTA: STORI YA KITAMBAA, PINDO NA TRENI ILIYOISHIA KINYANGIRI

Huko Insta siku hizi kichanga hajafikisha hata arobaini, tayari kashapigwa picha na kigauni cha lesi tabaka nne, ua la kichwani kubwa kuliko kichwa chenyewe, na viatu vya mtu ambaye hata kukaa hajui. Sina ugomvi na mtu, kila mmoja na wa kwake. Ila kuna swali mafundi cherehani wanaulizwa kila siku: "Fundi, mwanangu nimshonee kitambaa gani, na urembo niweke upi?" Swali hilo lina zaidi ya miaka 150 nchi hii, na wengi waliolijibu hawana jina kwenye kitabu chochote. Leo ni siku yao. Na stori tunaipitisha Kinyangiri, kule Mkalama, mkoa wa Singida. Mbona Kinyangiri? Tulia, kuna treni humu ndani.

Tuanzie kabla ya duka. Watu wa katikati ya nchi, yaani Wanyiramba, Wanyaturu, Wagogo na majirani zao, walivaa ngozi. Mtoto alibebwa kwa mbeleko ya ngozi, inasuguliwa na kupakwa mafuta mpaka inalainika. Urembo ulikuwa shanga, na shanga nyingi za kioo zilitoka mbali sana, Venice kule Italia, zikapita Zanzibar, zikapanda bara vichwani mwa wapagazi. Mama anamfunga mtoto ushanga kiunoni. Ukianza kubana, anajua mtoto ananenepa. Ukilegea, anajua kuna shida. Urembo ulikuwa mzani wa kliniki, wadau.

Halafu kikaja kitambaa. Mwaka 1833 Sayyid Said wa Zanzibar aliweka mkataba wa biashara na Marekani, na wafanyabiashara wa Salem, jimbo la Massachusetts, wakaanza kumwaga pwani kitambaa cha pamba kigumu, rangi ya maziwa, hakijapaushwa. Watu wakakiita jina la kilikotoka: merikani. Mpaka leo ukienda dukani ukasema "nipe merikani" unaeleweka. Kikiwa kimetiwa rangi ya nili kinaitwa kaniki. Hizo mbili ndizo zilikuwa pesa ya bara. Msafara ukipita Ugogo kwenda Unyanyembe, hongo ililipwa kwa nguo. Kipimo kilikuwa shuka, doti na jora. Shuka mbili ni doti moja. Na wewe ukinunua kanga leo Mtaa wa Uhuru pale Dar unasema "doti moja shilingi ngapi?" Hilo neno lilitembea kwa miguu kutoka Bagamoyo.

Hapa kuna kitu kinaniuma kidogo. Viwanda vya Massachusetts vilikula pamba iliyochumwa na watumwa Weusi kusini mwa Marekani. Kitambaa kikaja kwetu, kikanunua pembe za ndovu na kikanunua watu. Kwa hiyo mama wa bara aliyepata kipande cha merikani akamfungia mwanawe, alimfunika kwa jasho la watu ambao babu zao walichukuliwa Afrika hiihii. Hakujua, na asingeweza kujua. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipowaka Marekani mwaka 1861, mzigo ukakauka, na baadaye nguo za viwanda vya Bombay zikachukua nafasi.

Sasa njoo kwenye kanga, maana bila kanga hakuna mtoto wa Kitanzania. Inasimuliwa kwamba wanawake wa pwani, karne ya 19, walikuwa wananunua leso za rangi zilizokuja zikiwa jora zima. Badala ya kukata mojamoja, wakakata sita, wakazishona tatu juu tatu chini, ikawa nguo moja pana. Wenye maduka walipoona hilo soko, wakaagiza nguo ya ukubwa huo ikiwa tayari. Utumwa ulipofutwa Zanzibar mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa wakaachana na merikani na kaniki, maana ndizo zilikuwa nguo za utumwa, wakavaa kanga kuonyesha kwamba wao sio wa mtu tena.

Cheki kitu hiki. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyeanza biashara yake mwaka 1887, jina lake bado linatambulika, na chapa ya "Mali ya Abdulla" mpaka leo ipo kwenye kanga. Wale wanawake waliounganisha leso sita, hata mmoja hatumjui kwa jina. Kazi ya sindano ndivyo ilivyo.

Kingine kuhusu kanga ambacho watu hawasemi. Sehemu nyingi kumnunulia mtoto nguo kabla hajazaliwa ni kuchuria. Unajiandaaje bila kuonekana unajiandaa? Unanunua kanga! Kanga haina umri. Ukiulizwa ni yangu, ni zawadi ya wifi, ni ya msibani. Mtoto akifika salama, ileile inakuwa shuka, mbeleko, pazia la kumkinga jua, na ikichakaa inakatwa nepi. Mimi naona huo ulikuwa ujanja wa watu waliozika watoto wengi, wasiotaka kubaki na kigauni kisicho na mwenyewe. Siku hizi hospitali yenyewe inakupa orodha ya kuja navyo, na kanga zimo, kwa hiyo kuchuria kumekutana na serikali.

Haya, treni. Reli ya Kati ilijengwa na Wajerumani kutoka Dar, mwaka 1912 ikawa Tabora, mwaka 1914 ikafika Kigoma. Kinyangiri ilibaki kaskazini huko, mbali na reli. Enzi za Mwingereza, miaka ya 1930, ikajengwa njia ya tawi kutoka Manyoni, ikapita Singida, mwisho wake Kinyangiri. Ndiyo, Kinyangiri ilikuwa kituo cha mwisho cha treni! Miaka ya 1940 reli ikang'olewa. Baadaye tawi lilijengwa upya, lakini likaishia Singida mjini.

Kwa mtu wa nguo, hilo sio jambo dogo. Jora la kitambaa ni zito. Likija kwa behewa, bei ni moja. Likija kwa lori kwenye barabara ya vumbi, kila kilometa inaongezwa kwenye gauni la mtoto. Vita Kuu ya Pili nayo ilifanya nguo ziadimike nchi nzima. Kwenye vituo vidogo vya namna hiyo Tanganyika yote mtindo ulikuwa mmoja: duka la Mhindi au Mwarabu, ndani majora yamepangwa, barazani fundi na cherehani yake ya Singer. Unanunua yadi yako ndani, unatoka nje, unapimwa, unasubiri. Bafta kwa kichanga, kitambaa cha maua kwa msichana, kaki kwa mvulana akianza kukimbia. Urembo ulikuwa kile fundi alichonacho kwenye kopo: vifungo visivyofanana, utepe, mabaki ya lesi. Na wale mafundi wa barazani nao, jina hakuna.

Uhuru ukaja, tukajenga viwanda vyetu. Urafiki pale Ubungo ilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na Mwanza wakapata Mwatex. Kwa muda ilikuwa freshi kabisa, pamba ya kwetu, kitambaa cha kwetu. Halafu mwisho wa miaka ya 1970 mpaka katikati ya 1980 mambo yakabana: foleni, kitambaa cha mgao, sabuni ya mgao. Muulize bibi yako yeyote, atakwambia kanga moja ilikatwa nepi ngapi. Bajeti ya mwaka 1984 ikalegeza masharti ya kuingiza bidhaa, na mitumba ikafurika. Wazee waliiita "kafa Ulaya." Jina la kutisha, lakini nguo za watoto za mtumba zilikuwa pamba laini ya kuvutika, bei ya kutupa. Fundi wa nguo za vichanga akakosa kazi, akahamia sare za shule. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya zilikubaliana kuiondoa mitumba taratibu, Marekani ikatishia maslahi ya biashara ya AGOA, na ni Rwanda peke yake iliyokomaa.

Wewe unayetaka kushona leo, chukua walichotuachia hao watu wasio na majina. Kichanga apewe pamba. Singida mchana jua, usiku baridi na upepo, hasa Juni na Julai, na poliesta inamfanya atoke jasho halafu apoe nalo. Muuzaji akiapa ni pamba tupu, omba uzi mmoja uuchome: pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu, poliesta inayeyuka na kuganda kama kidonge. Hata kanga siku hizi zipo za poliesta, usidanganywe na maua. Kabla ya kukata, fua kwanza. Kitambaa kipya kina wanga, kikilowa kinalainika na kusinyaa, bora kisinyae kwenye ndoo kuliko mwilini.

Urembo sasa. Vifungo vidogo vinang'oka na kuingia mdomoni, utepe shingoni ni hatari, lesi ya nailoni inakwaruza shingo na kwapa. Ukitaka lesi, iweke chini kwenye pindo la gauni, mbali na ngozi. Lastiki isiache alama kwenye paja. Ila urembo ninaoukubali kuliko wote ni wa bure: pindo la kanga. Likate kwa uangalifu, ligeuze kuwa mkanda wa chini ya gauni au ukingo wa kofia, mji wa katikati utoe gauni lenyewe. Linabaki jina, yale maandishi. Hapo kuwa makini, maana kanga nyingi ni vijembe, na mtoto wa wiki tatu hana ugomvi na jirani yako.

Wadau, muulizeni mama leo: ulifungwa kwenye kanga yenye jina gani, na nani alikata nepi zako za kwanza? Njooni mtuandikie hapa chini. Wa Kinyangiri, Iguguno na Nduguti mnaanza nyie.