Kuba za Nyanda za Juu za Kusini na Jina la Stambuli

Msafiri apandaye kutoka Morogoro kwenda Iringa, kisha akashika njia ya Mbeya, huona kuba na minara ya misikiti, naye hudhani upesi ya kwamba hayo ni majengo ya mtindo wa Kituruki. Dhana hii yataka kupimwa, kwani sifa apewayo asiyestahili humnyima haki yule aliyestahili.

Kwanza yatupasa kujua ujenzi wa Kituruki ni upi. Waturuki wa dola ya Uthmani walipoitwaa Stambuli mwaka 1453, walilikuta huko kanisa kuu la Hagia Sophia, lililomalizika mwaka 537, na waashi wao wakapata mfano wa kufunika uwanja mpana kwa kuba moja. Sinan, aliyekuwa mkuu wa wajenzi hao, alijenga msikiti wa Süleymaniye baina ya 1550 na 1557, kisha ule wa Selimiye katika mji wa Edirne, ambao kuba yake ina upana wa mita 31 hivi. Alama za mtindo huo ni kuba kubwa ya kati, ambayo mara nyingi huegemea nusu-kuba. Minara myembamba yenye ncha iliyochongoka. Na ua wenye baraza pande zote.

Je, ndiyo asili ya kuba za kwetu? Historia ya pwani yakataa. Upanuzi wa Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, pamoja na kuba yake kubwa, huhesabiwa kuwa kazi ya mwanzo wa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Wakati huo Stambuli ilikuwa bado mikononi mwa Warumi. Tena misikiti mingi ya mwambao haikuwa na kuba wala mnara. Ilijengwa kwa mawe ya matumbawe, na dari yake bapa ilibebwa na boriti za mikoko, ambazo ziliruhusu upana wa mita 3 hivi tu. Kwa hiyo ndani mlijaa nguzo.

Si kwamba Waturuki hawakujulikana. Mir Ali Bey alikuja pwani yetu kwa merikebu kutoka Yemen katika miaka ya 1580, mpaka Wareno walipomkamata Mombasa mwaka 1589. Baadaye mwanachuoni Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyekuwa kadhi Unguja, alisafiri hadi Stambuli katika miaka ya 1880, akatunukiwa nishani na Sultani Abdulhamid II. Uhusiano huo ulikuwa wa vita, elimu na heshima. Ufundi wa kuba haukuletwa nao.

Tukipanda sasa nyanda za juu, twaona jambo hilo wazi zaidi. Jina Iringa latokana na neno la Kihehe, lilinga, maana yake ngome. Ngome ya Mkwawa huko Kalenga ilitekwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894, na mji wa Iringa wa leo ulianzishwa baada ya hapo. Mji wa Mbeya ni mchanga zaidi: ulikua tangu miaka ya 1920, wakati wa dhahabu ya Lupa. Uislamu ulifika huku pamoja na misafara ya biashara, wafanyi biashara wa pwani na wa Kihindi, makarani, na askari. Miongoni mwa askari wa Wajerumani walikuwamo Wasudani walioandikwa Misri mwaka 1889, nchi ambayo kisheria ilikuwa bado chini ya Sultani wa Stambuli. Lakini hao walishika bunduki, hawakuwa waashi.

Huku hapana matumbawe wala mikoko. Mjenzi hutumia udongo, matofali ya kuchoma, mbao na mabati, basi msikiti hufanana na nyumba za jirani. Kuba iliyobinuka kama kitunguu yaelekeza India kuliko Stambuli. Hata neno mnara lataka hadhari, kwa maana Kiswahili huliita hivyo kila jengo refu jembamba: mnara wa adhana, wa taa ya bahari, na wa saa pia, kama ule ulio juu ya jengo la ibada la Waismailia mjini Iringa.

Kosa hili lina madhara. Tukishika kwamba msikiti wa kweli ni ule wenye kuba ya Kituruki, basi ule wa matofali na mabati utaonekana duni, na kuubomoa hakutamuuma mtu. Pamoja nao litapotea jina la aliyetoa kiwanja, la aliyechoma matofali, na la mwalimu wa kwanza aliyesomesha humo. Basi azuruye misikiti hiyo na achukue kamba ya kupimia na daftari, akawaulize wazee majina hayo wangali hai.